Michael Faraday na Kazi ya Kufafanua Istilahi za Sayansi

Utangulizi

Kila mwalimu wa sayansi amekwisha kukutana na jambo hili. Anaandika ubaoni neno geni, kama vile anodi au elektrolaiti, anatoa maana yake kwa sentensi moja, wanafunzi wanainakili, na juma linalofuata wanairudisha sentensi ile ile bila kukosea hata herufi. Lakini mwalimu akiwaomba wamwonyeshe kitu chenyewe katika chombo kilichowekwa mezani, darasa zima hunyamaza. Wamepokea neno, wala hawakupokea maana yake.

Hali hiyo haikomei darasani. Fundi wa umeme humwonya mwenye nyumba kwa maneno ambayo mwenye nyumba hayafahamu. Muuguzi humweleza mama habari za elektrolaiti zinazopungua katika mwili wa mtoto anayeharisha, na mama huitikia kwa adabu, kisha hurudi nyumbani asijue la kufanya. Hasara ya neno lisiloeleweka huonekana baadaye, wakati nyumba imekwisha kuungua au mtoto amerudishwa zahanati akiwa katika hali mbaya zaidi. Kwa hiyo ufafanuzi wa istilahi ni sehemu ya kazi yetu sisi walimu, wala haifai kuuhesabu kuwa pambo la somo.

Katika makala haya tunakusudia kusimulia maisha ya Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1867. Wengi wanamjua kwa ugunduzi wake wa umeme. Sisi tutamtazama kwa upande mwingine: kama mtu aliyeingia katika sayansi kwa msaada wa kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, akatunga baadhi ya maneno tunayoyafundisha hadi leo, na akatumia miaka mingi kuwafafanulia watu wa kawaida na watoto yale aliyoyaona katika maabara.

Utoto na uanagenzi

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, mahali ambapo siku hizi pamemezwa na jiji la London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na aghalabu chakula cha nyumbani hakikutosha. Shuleni mtoto alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo, basi. Hakufundishwa Kilatini wala Kiyunani, lugha ambazo wakati ule ndizo zilizokuwa ufunguo wa elimu ya juu, na hisabati aliyoipata haikumfikisha mbali. Upungufu huo alikaa nao maisha yake yote, na tutaona kwamba ulimsaidia kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuitazamia.

Mwaka 1804, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alianza kutumwa na muuza vitabu mmoja wa mtaa wa Blandford aliyeitwa George Riebau. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake katika kazi ya kujalidi vitabu, kwa mkataba wa miaka saba. Vitabu alivyopewa kuvishona mchana, alivisoma usiku. Viwili vilimgusa kuliko vingine. Kimoja kilikuwa juzuu ya ensaiklopidia yenye makala ya umeme. Cha pili kilikuwa kitabu cha kemia cha Bi Jane Marcet, mke wa tabibu mmoja wa London, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1806.

Inafaa tukitue kidogo juu ya kitabu hicho, maana ni mfano mzuri wa mbinu ya ufundishaji. Bi Marcet hakukiandikia mabingwa. Aliwaandikia watu wasiojua kemia hata kidogo, hasa wanawake, ambao milango ya vyuo ilikuwa imefungwa mbele yao. Alikipanga kwa mazungumzo baina ya mwalimu mmoja na wasichana wawili. Wasichana huuliza maswali yale yale ambayo msomaji angependa kuyauliza, nao hukosea pale ambapo msomaji angekosea. Neno jipya halitokei mpaka mazungumzo yenyewe yamelihitaji. Kijana Faraday hakukubali tu yaliyoandikwa. Alinunua vitu vichache kwa senti alizozipata, akajaribu mwenyewe, akaona kwamba kitabu kinasema kweli. Hata alipokuwa mtu mashuhuri aliendelea kumheshimu mama huyo kama mwalimu wake wa kwanza, na alikuwa akimpelekea nakala za maandishi yake.

Kuingia katika Taasisi ya Kifalme

Mwanzoni mwa mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, mwanamuziki William Dance, alimpa Faraday tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia aliyesifika sana, katika Taasisi ya Kifalme ya London. Faraday alisikiliza, akaandika maelezo, akayanakili upya kwa hati safi pamoja na michoro ya vyombo, kisha akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo alimpelekea Davy kitabu hicho pamoja na ombi la kazi. Nafasi ilipopatikana, tarehe 1 Machi 1813, aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili vya orofani, makaa na mishumaa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo na kuandaa majaribio ya wahadhiri. Katika kazi hiyo ya pembeni alipata nafasi ambayo wahadhiri wenyewe hawakuwa nayo, yaani kuwatazama wasikilizaji. Mwaka huo huo wa 1813 alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott mfululizo wa barua juu ya namna ya kuhadhiri. Alijadili umbo la ukumbi, hewa inayoingia, na mahali pa kuweka vyombo ili visimzuie yeyote kuona. Alisisitiza kwamba mhadhiri aseme polepole, asifungwe na karatasi zake, asizidishe saa moja, na asijishushe hadhi kwa kuwinda makofi. Mtu aliyeandika hayo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa bado hajahadhiri mbele ya hadhara kubwa.

Alipofika zamu yake ya kuhadhiri hakujiamini kwa kipaji tu. Alijifunza usemaji kwa mwalimu wa fani hiyo, naye alikuwa akiwekewa kadi ya kumkumbusha asiharakishe. Mwaka 1826 ilianzishwa mihadhara ya Ijumaa jioni kwa wanachama na wageni wao. Katika mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanza wakati huo huo, Faraday alitoa mfululizo wake wa kwanza mwaka 1827. Hadi alipomaliza wa mwisho, uliofunguliwa Desemba 1860, alikuwa ametoa mifululizo kumi na tisa.

Umeme na haja ya maneno mapya

Ugunduzi wake mkubwa tutaupitia kwa haraka, maana umo katika vitabu vyote vya fizikia. Mwaka 1821 aliufanya waya wenye mkondo wa umeme uzunguke sumaku, na hapo ndipo penye asili ya mota. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia koili mbili katika pete moja ya chuma, akaona kwamba mkondo unapoanzishwa au kukatwa katika koili ya kwanza, mkondo mwingine huzuka kwa kitambo kifupi katika ya pili. Miezi miwili baadaye alipata mkondo wa kudumu kwa kuzungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku. Transfoma na jenereta zinazotupatia umeme leo zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Baada ya hapo aligeukia swali jingine: umeme unafanya nini unapopita katika majimaji na kuyachanganua? Alipima kwa uangalifu, akapata kanuni zake za elektrolisisi. Lakini alipotaka kuandika aliyoyaona, maneno yalimkwaza. Wanasayansi walikuwa wakiita sehemu mbili za chuma zinazotumbukizwa katika majimaji kwa jina la ncha, kama ncha za sumaku. Jina hilo lilibeba madai ndani yake: kwamba sehemu zile huvuta vitu kwa mbali, kama sumaku inavyovuta chuma. Majaribio ya Faraday yalimwonyesha vingine. Kwake sehemu zile zilikuwa kama milango tu, ambapo mkondo huingia katika majimaji na kutoka. Kila alipotumia neno la zamani, alijikuta akisema jambo asilolisadiki.

Yeye hakujua Kiyunani, naye hakuona haya kuomba msaada. Kwanza alimwendea tabibu wake, Dakta Whitlock Nicholl, na kwa shauri lake yakapatikana maneno elektrodi na elektrolaiti. Kisha, katika miezi ya Aprili na Mei 1834, aliandikiana na William Whewell, mwanachuoni wa Cambridge. Faraday alieleza fikra iliyomsaidia: tuwazie mkondo unaoizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, kama jua linavyoonekana likienda. Tukikiweka chombo chetu sambamba na mkondo huo, mlango mmoja utakuwa upande jua linakochomoza, na wa pili upande linakotua. Yeye alikuwa amefikiria majina yanayotokana na kuingia na kutoka. Whewell akamshauri achukue njia ya kupanda na njia ya kushuka, ambazo kwa Kiyunani zilizaa maneno anodi na kathodi. Vile vipande vya kitu vinavyosafiri katika majimaji vilipewa jina la ioni, ambalo asili yake ni kitendo cha kwenda. Kwa Kiswahili tungeweza kusema viendavyo.

Yatupasa tuone busara ya uteuzi huo. Mwaka 1897 J. J. Thomson alitangaza kwamba kuna chembe ndogo mno zenye chaji hasi, ambazo sasa tunaziita elektroni. Ikafahamika kwamba katika waya chembe hizo huenda kinyume cha mwelekeo ambao watu walikuwa wameuzoea kuuita mwelekeo wa mkondo. Kama majina yangekuwa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, vizazi vilivyofuata vingelazimika ama kuyabadili ama kufundisha maneno yanayopingana na maana yake. Anodi na kathodi hayakuguswa, kwa kuwa hayakudai kujua ni kitu gani kinachosafiri. Faraday alitafuta maneno yasiyosema zaidi ya yale aliyokuwa na hakika nayo.

Maneno hayo yalivuka mipaka ya maabara yake. Willem Einthoven wa Uholanzi alipoanza kupima umeme wa moyo, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wagonjwa wake walitia mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi, navyo vyombo hivyo ndivyo vilivyokuwa elektrodi. Leo vibandiko vidogo vinavyowekwa kifuani hospitalini vinaitwa kwa jina hilo hilo. Nazo chumvi zilizoyeyuka katika damu na majimaji ya mwili, kama zile za sodiamu na potasiamu, ndizo zinazoitwa elektrolaiti. Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi hizo, na ndiyo sababu dawa ya kumrudishia maji ina chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, kwani sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, nayo chumvi huvuta maji. Mama akielezwa hivyo hatakuwa tena na haja ya kuogopa neno. Atajua kwa nini maji matupu hayatoshi, na kwa nini asizidishe wala kupunguza vipimo.

Mshumaa mbele ya watoto

Mfululizo wa mihadhara uliompa Faraday sifa kubwa miongoni mwa walimu ulihusu mshumaa. Aliutoa mara ya kwanza mwaka 1848, akaurudia katika Krismasi ya mwaka 1860, na mwaka 1861 William Crookes aliutoa kwa kitabu. Alichagua mshumaa kwa kuwa hapakuwa na mtoto katika ukumbi ule ambaye hakuwa na mshumaa nyumbani kwao.

Tuutazame mpango wake. Kwanza anawasha mshumaa na kuwafanya watoto waone kikombe cha nta iliyoyeyuka chini ya mwali, kisha anauliza jinsi nta hiyo inavyoupanda utambi. Hatoi jibu kwa neno. Anachukua nguzo ya chumvi, anaisimamisha katika majimaji yaliyotiwa rangi ya buluu, na watoto wanayaona majimaji yakiipanda nguzo. Anawakumbusha pia kitambaa kilichoning'inizwa ukingoni mwa beseni, jinsi kinavyoyanyonya maji na kuyamwaga sakafuni. Baada ya hayo ndipo anapoitaja nguvu ya kapilari, na neno linakuta mahali pake pamekwisha kutayarishwa.

Anaendelea hivyo hatua kwa hatua. Kwa mrija mwembamba anautoa mvuke kutoka katikati ya mwali, na kuuwasha kwenye upande wa pili wa mrija. Anaonyesha kwamba maji hutokea pale kitu kinapowaka, na kwamba hewa itokayo katika mshumaa huyafanya maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa. Katika mhadhara wa mwisho anapuliza pumzi yake mwenyewe katika maji ya chokaa, nayo yanageuka meupe vile vile. Hapo watoto wanaona kwa macho yao kwamba mwili wa binadamu na mshumaa vina jambo la pamoja: vyote viwili hutumia oksijeni ya hewa na kutoa kaboni dayoksaidi. Leo tunajua kwamba katika mwili jambo hilo hufanyika taratibu, kwa hatua nyingi, ndani ya seli, wala hakuna mwali. Hata hivyo mwanafunzi aliyeanzia kwenye mshumaa ana pa kusimama anapoletewa istilahi za upumuaji wa seli.

Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akiwashauri wahadhiri wasidhani kwamba wasikilizaji wanajua jambo lolote. Hata kama mhadhiri anasema jiwe huanguka likiachwa, ni afadhali afumbue mkono na kuliacha lianguke.

Ombi kwa Maxwell na miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1850 kijana James Clerk Maxwell alianza kuyaeleza kwa hisabati mawazo ya Faraday juu ya mistari ya nguvu, ile ambayo tunaionyesha darasani kwa unga wa chuma juu ya karatasi. Faraday aliyapokea maandishi hayo kwa furaha, ingawa hakuweza kuyafuata yote. Novemba 1857, akiwa na umri wa miaka sitini na sita na akiwa mashuhuri Ulaya nzima, alimwandikia Maxwell barua ya unyenyekevu. Alimwuliza kama mtaalamu wa hisabati, akisha kufikia matokeo yake, hawezi kuyaeleza kwa lugha ya kawaida kwa ukamilifu na uwazi ule ule, ili nao wasiojua alama zake wapate kuyafanyia kazi. Alimkiri Maxwell kwamba yeye humpa siku zote wazo lililo wazi.

Hapa tunauona upungufu wa utotoni ukizaa matunda. Mtu aliyewahi kufungiwa nje na lugha ya wataalamu hakusahau jinsi ilivyo kusimama nje. Mwaka 1862 alitoa ushahidi mbele ya tume iliyochunguza shule kubwa za Uingereza, akalalamika kwamba vijana waliosoma sana lugha za kale wanatoka shuleni bila kujua sayansi hata ya mambo yanayowazunguka.

Kumbukumbu yake ilikuwa imekwisha kudhoofika tangu miaka ya katikati ya umri wake, na daftari zake zenye aya zaidi ya 16,000 zilizotiwa nambari zilimsaidia kutopotea. Alikataa cheo cha urais wa Jumuiya ya Kifalme. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 katika nyumba aliyopewa na Malkia Victoria karibu na kasri la Hampton Court, akazikwa katika makaburi ya Highgate bila fahari, kama alivyotaka.

Mafunzo kwa mwalimu

Kutokana na maisha hayo tunaweza kupata mambo manne ya kufuata darasani.

1. Kitu kitangulie, neno lifuate. Mwanafunzi aone, aguse, aeleze kwa maneno yake, kisha apewe istilahi.

2. Istilahi ichunguzwe kabla ya kufundishwa. Mwalimu ajiulize asili yake ni nini, na kama inabeba picha inayoweza kupotosha. Wanafunzi wengi hukosea kwa sababu neno lenyewe limewapeleka upande usio wake.

3. Mwalimu asione haya kuuliza. Faraday alimwuliza tabibu na mwanachuoni wa lugha. Mwalimu wa kemia naye amwulize mwalimu wa Kiswahili, fundi wa karakana na muuguzi wa zahanati.

4. Ufafanuzi upimwe kwa vitendo vya msikilizaji, wala si kwa uhodari wake wa kukariri.

Tunapendekeza zoezi moja rahisi. Mwalimu ayeyushe mrututu kidogo katika glasi ya maji, akiwaonya wanafunzi kwamba ni sumu na wasiuonje. Achukue penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili, aziunganishe kwa waya na betri mbili au tatu za tochi, kisha azitumbukize bila kugusana. Baada ya dakika chache ncha moja itavikwa shaba nyekundu, na kwenye ya pili vitatokea viputo. Asitaje neno lolote. Awaombe wanafunzi wazipe ncha hizo majina wayatakayo na kutoa sababu zao, na wajadiliane ni jina lipi linasema kweli na lipi linadai mno. Majina yao yakiisha kuandikwa ubaoni, ndipo awasimulie habari za jua linalochomoza na kutua, na awaandikie anodi na kathodi. Juma linalofuata asiwaulize maana ya maneno hayo. Aweke glasi mezani, na kila mmoja aje aonyeshe kwa kidole.